Ng'ombe Wasiohesabiwa kwa Sauti

Kifaransa nilikiokota kwa watalii, miaka ile niliyoendesha magari ya kuwashusha kreta kutazama wanyama. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwetu Karatu. Kwa hiyo mfuko mmoja wa fedha wa Ulaya uliponiita niwe mkalimani wao, niliitikia. Mpaka leo sina hakika kama kazi hii naiweza.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa Endulen. Kikundi cha akina mama wa Kimaasai kilikuwa kinaomba mkopo wa tanki la kupoza maziwa, kwa kuwa maziwa ya jioni yalikuwa yanachacha kabla hayajapata mnunuzi. Afisa mikopo, Mfaransa mmoja mpole, alimuuliza mwenyekiti wao, "Una ng'ombe wangapi?" Nikatafsiri.

Mama akatazama zizi, tupu mchana ule. "Wapo."

Nikamwambia Mfaransa: wapo. Akauliza tena.

"Si nimesema wapo? Wamekwenda kunywa maji."

Nikaona kalamu yake inapiga mstari kwenye fomu, penye nafasi ya mifugo, kana kwamba mama hana. Hapo nikavunja kanuni. Mkalimani hasemi la kwake, mimi nikasema. Nilimweleza Mfaransa kwamba huku mtu kutaja hadharani idadi ya mifugo yake ni kama kuiitia balaa.

"Wewe wa Karatu!" mama akanikatiza. "Mimi nimesema kijiko, wewe umesema gunia. Umemwambia nini?"

Wenzake wakacheka. Ikabidi nimtafsirie maneno yangu mwenyewe.

"Si uongo," akasema. "Lakini ungeniuliza kwanza. Umekuja kunisemea, hukuja kunitetea. Haya, mwambie asubiri, watarudi. Ahesabu kwa macho, mdomo afunge."

Hilo nililipeleka lilivyo.

Kusema haki, Mfaransa hakukosea kuuliza. Fomu ilimtaka aulize, na bila kuijaza mkopo usingetoka. Alifunga daftari, akakaa juu ya jiwe hadi vumbi la ng'ombe likaonekana bondeni. Walipopita, midomo yake ikaanza kuchezacheza, anahesabu. Mama akamtupia jicho, ikatulia. Kisha Mfaransa akaandika kitu, akakifunika kwa kiganja hata mimi nisione.

Barua ya kukubali mkopo niliitafsiri mimi, mezani kwangu Karatu. Kwenye nafasi ya mifugo palikuwa na neno moja tu: wameonekana. Nililisoma mara tatu, nisije nikaliongezea.