Rangi Aliyopaka Baba Nafula

Jumamosi, Kitale.

Marafiki, leo tumekwangua ukuta aliopaka marehemu mume wangu kwa mikono yake.

Kumbe ile rangi ya kijani ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Nafula wetu amekuwa akiibandua na kuila. Vipimo vya damu vimeonyesha sumu hiyo imemwingia.

Baba Nafula aliipaka nikiwa na mimba ya Nafula, akiimba besi ya kwaya.

Shemeji yangu alikuja na fundi kutoka Bungoma. Walilowesha ukuta ili vumbi lisiruke. Rangi ikakataa kutoka.

"Nani alipaka hii kitu mara tatu?" fundi akacheka. "Si mumwite aje atoe mwenyewe, bana."



"Ni ndugu yangu," shemeji akasema. "Tulimzika kwetu kijijini, Matulo."

Fundi akavua kofia. "Pole, mama. Sikujua."

Ndipo Nafula akauliza kutoka uani: "Mama, kwani rangi ya Baba ni mbaya?"

Nikamwambia, "Baba alitaka chumba chako kipendeze. Hakujua."

Ninyi mngemjibu nini?

Mkiomba usiku wa leo, mtutaje mimi na Nafula. Na baba yake pia, tafadhali.