Picha ya Nyumbani kutoka Juu

Walimwita Rubani, na ndege hajawahi kuipanda. Jina lilianza kwa utani, siku alipofungua begi jeusi mbele ya duka lake la picha, akatoa kidude chenye mapangaboi manne, kikanguruma na kupaa juu ya mabati ya mtaa mzima. Watu walitoka majikoni wakidhani nyuki wamehama. Kabla ya hapo alikuwa mpiga picha za paspoti tu, mtu wa "inua kidevu, usicheke." Simu zilipoanza kupiga picha nzuri kuliko kamera yake, wateja wakamkaukia, naye akauza pikipiki akanunua droni. Mkewe alinuna mpaka akachoka mwenyewe.

Alipiga maharusi na mechi za mpira, lakini kazi iliyomkosha roho ilikuwa panorama. Unaisimamisha droni mahali pamoja hewani, unaigeuza kidogokidogo, na kila picha lazima irudie kipande cha iliyotangulia, ili baadaye kompyuta izishone zote ziwe moja, pana, isiyo na mshono. Upepo ukivuma, umeumia. Wingu likipita mbele ya jua katikati ya kazi, mbingu inatoka na mabaka kama shuka iliyofuliwa na nguo nyekundu. Rubani alikuwa na subira ya kazi hiyo. Angeweza kungoja wingu limalize safari zake huku mteja anatukana.

Siku moja kaka yake mkubwa, aliyekuwa anaishi nje ya nchi, akapiga simu.

"Bwana mdogo, nimepakumbuka nyumbani. Nipigie ile picha yako ndefu, uwanja wote wa mama, toka barabarani hadi mtoni. Niibandike sebuleni, watoto wajue kwao."

Rubani alifurahi mno. Huyu ndiye kaka aliyekuwa akiiita kazi yake mchezo wa watoto. Huyu ndiye msomi wa nyumba, ambaye marehemu baba alimwamini hata uwanja wenyewe akauandikisha kwa jina lake, "asije mtu akatusumbua." Leo amemwomba kitu. Kesho yake asubuhi Rubani alikuwa uani kwa mama.

"Sasa ukinipigia huko juu si nitaonekana utosi tu, kama kuku?" mama akauliza.

"Utaonekana vizuri, mama. Inua uso tu, halafu usitikisike. Ukitembea, mashine itakukata vipande, au utokee mara mbili."

"Mara mbili! Na huyu mmoja tu amewashinda kumtembelea."

Hata hivyo aliingia ndani akavaa gauni lake la bluu, lile la kutokea. Akaja kusimama karibu na kamba ya nguo, mkono kiunoni, uso juu. Upepo ukaharibu mzunguko wa kwanza, wingu likaharibu wa pili. Kila Rubani alipomwambia apumzike, mama alijibu kwa pembe ya mdomo, "Wee maliza, mimi nipo."

Picha ilitoka kama alivyoitaka. Paa lenye kutu upande mmoja, michungwa ya baba imejipanga, kijia chekundu kinateremka mtoni, na uani mama, doa la bluu lenye uso. Akamtumia kaka kabla hata hajanywa chai.

"Umetisha, bwana mdogo," kaka alisema. "Ila nitolee hizo nguo kwenye kamba. Na huyo mtu hapo uani."

"Huyo mtu ni mama, kaka."

"Najua ni mama! Lakini picha ya ukutani inataka utulivu, anavuruga jicho. Picha za mama ninazo tele."

Rubani alisita kidogo. Kisha akajiambia kuwa mteja ni mteja, hata akiwa ndugu. Akaketi kwenye kompyuta. Alianza na kivuli, maana kivuli kisicho na mtu kinamuumbua fundi. Halafu akachukua udongo wa pembeni, akaufunika juu ya gauni, juu ya mkono, mwisho juu ya uso. Ilitoka safi, hata yeye mwenyewe alilazimika kutafuta mahali mama alipokuwa. Kaka alimjibu, "Huu sasa ndio ufundi," na Rubani alitembea na neno hilo kifua mbele.

Mvua zilikuja zikaisha. Dalali mmoja wa viwanja akaingia dukani, mtu wa maneno mengi na viatu vya kung'aa.

"Nasikia unarusha. Nina eneo nataka lipigwe kama hii hapa," akasema, akimsogezea simu.

Ilikuwa ile picha. Mstari mwekundu umeizunguka toka barabarani hadi mtoni, na chini yake maandishi makubwa: LINAUZWA. ENEO LIKO WAZI, HALINA MKAZI.

Rubani akaishika simu ile kwa mikono miwili. "Hii umeitoa wapi?"

"Kwa mwenye mali. Hilo limeshapata mtu, usilitamani. Aliyepiga ni fundi kwelikweli. Unamjua?"

"Simjui," akasema Rubani.

Dalali alipoondoka, akafunga mlango, akampigia kaka.

"Umeuza nyumba ya mama?"

"Nimeuza uwanja wangu," kaka akajibu, sauti haijapanda hata kidogo. "Mama ni mzee, yuko peke yake pale. Nani anamwangalia? Wewe na hiyo tiara yako?"

"Ungeniambia basi!"

"Ningekuambia, ungepiga picha?"

Rubani akakata simu. Akaenda kwa mama moja kwa moja. Alimkuta chumbani, nguo zimelundikwa kitandani kote, anazikunja na kuzitia kwenye mfuko.

"Mnunuzi alikuja kukagua," mama alisema bila kumtazama. "Kanikuta napepeta mchele. Akaniuliza, mama, wewe ni nani, mbona kwenye picha humo? Nikampigia kaka yako. Anasema aliyenifuta pichani ni wewe."

"Mama, aliniambia ni ya kubandika ukutani."

"Na kunitoa, alikushika mkono?"

"Hapana."

"Nilisimama jua lote lile," akasema mama, "sitikisiki." Akaendelea kukunja nguo.

Sasa mama anaishi kwa Rubani, vyumba viwili, wajukuu wamempisha kitanda. Michungwa ilikatwa kabla haijaisha kuzaa. Kaka hupiga simu Jumapili, na mama huichukua simu mbio, akaenda kuzungumzia mlangoni. Humo ndani wanamsikia anavyocheka. "Umekula, baba? Watoto hawajambo?" Akirudi uso umeshakunjana. Kwa Rubani ana maneno machache: chakula kipo, maji yamekwisha, funga mlango.

Mara moja tu alithubutu. "Mama, aliyeuza nyumba ni yule. Mbona unaninunia mimi?"

Mama alifikiri. "Yule alikuwa mbali, hakuniona. Wewe ulikuwa unanitazama."

Mkewe Rubani akajifanya anatafuta chumvi.

Yule dalali alirudi. Rubani alimkatalia, akarudi tena, na vyumba viwili vyenye watu saba havina kiburi. Wakaenda mpaka kwenye kiwanja kimoja pembezoni mwa mji, kimezungushiwa uzio wa miti mikavu. Katikati kulikuwa na kibanda, na moshi unatoka.

"Hapo anakaa nani?" Rubani akauliza.

"Rusha wewe, ndugu yangu. Maswali niachie mimi."

Rubani akatazama mbingu. Hakukuwa na wingu hata moja, na upepo umetulia. Akairusha.