Sari Zilizomficha Hansa

Daksha na mumewe Hemant walihama Kisumu mwaka 1968, wakapanga nyumba Southall, kwa Waingereza. Hawakujaliwa mtoto. Miaka mitano baadaye wakamchukua Hansa, binti wa miaka sita kutoka Kampala, awe mwana wao. Mwaka uliotangulia, Wahindi walipofukuzwa nchini, wazazi wake walishushwa garini na askari njiani kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe, naye akiona kutoka kiti cha nyuma. Hawakuonekana tena. Jirani ndiye aliyempandisha ndege.

Majira yale ya baridi ukungu ulilala barabarani mpaka adhuhuri, na Hansa alipita vyumbani kama kipande cha ukungu kilichoingia ndani kikapotea njia. Gari likisimama nje tu, alikimbilia kabatini, akajikunja chini ya sari za Daksha.

"Mtoe," Hemant alisema. "Atazoea vibaya."

Daktari wa watoto waliyempelekea hakukubali. "Msimvute. Kichwa chake kinajua yuko salama, mwili haujajua. Kaeni karibu naye."

Basi Daksha akawa anaketi sakafuni kando ya kabati, mlango wazi kidogo, akichambua dengu kwenye sinia. Mwanga mweupe wa dirishani ulipita kwenye sari, ukawa wa waridi, ukawa kijani. Alisema naye Kiswahili, lugha ya yaya aliyemlea Hansa Kampala.

"Hilo gari la maziwa. Sasa linaondoka. Hilo la makaa, lina kelele sana, sivyo?"

Wiki zikapita hivyo, kama usingizi mrefu wa mchana. Kisha alasiri moja sauti ikatoka kabatini.

"Na wewe watakushusha?"

Mikono ya Daksha ikasimama juu ya dengu. "Wale wako mbali, mwanangu. Mimi nipo hapa. Ukiogopa, nishike."

Vidole vidogo vikatoka kati ya sari, vikashika pindo la nguo yake.

Hofu haikwisha siku ile. Ilikuwa ikirudi, ikiondoka. Lakini Hansa alipofikisha miaka tisa, alikatazwa kitu kidogo, akavunja sahani kwa hasira. "Wewe si mama yangu!" alipiga kelele, kisha akasimama, macho mlangoni, akingoja kufukuzwa.

Daksha alifagia vigae. "Chakula kinapoa," alisema. "Njoo ule."

Hansa hakukimbilia kabatini; akaja, bado amenuna, akala chapati tatu. Hemant alimtazama mkewe, akaona anatabasamu huku machozi yakimtoka.