Siku Niliyopigisha Kura Juu ya Mume wa Mama Mdogo

Kabla hamjanicheka nitajicheka mwenyewe, maana haya niliyafanya nikiwa na akili zangu timamu, nimevaa suti, chaki mkononi, mbele ya watu arobaini wa Koboko, na wala hakuna aliyenilazimisha. Nimewahi kuanguka na baiskeli mbele ya binti niliyekuwa nakwenda kumposa, nimewahi kuswalisha watu nikasahau nimefika rakaa ya ngapi (waliokuwepo hawajanisamehe), lakini hayo yote ni mzaha mtupu ukiyaweka kando ya siku ile. Nikiikumbuka huwa najifunika uso, hata nikiwa peke yangu chumbani, na siku hizi peke yangu ndivyo ninavyokaa zaidi.

Inabidi kwanza mumjue mama mdogo Zamzam. Ni mdogo wake marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea, na alikuwa na hoteli ya chai na maharage pale Koboko kwenye barabara iendayo mpaka wa Kongo (hoteli kwetu ni mahali pa kula, wala si pa kulala). Malori yote yalisimama kwake. Mumewe Khamisi alivuka mpaka kwenda kutafuta mali nilipokuwa bado shule ya msingi, akasema wiki mbili tu, na hakuonekana tena. Sasa kiwanja kile kilikuwa cha Khamisi, na ndugu zake wasingemwacha mwanamke asiye na mume wala mtoto akae kwenye kiwanja cha ukoo. Basi mama mdogo akawaambia watu kwamba mumewe yu mzima, anafanya biashara Bunia ng'ambo ya mpaka, anatuma barua kupitia madereva.

Barua hizo alizisoma nani? Mimi. Na aliziandika nani? Mimi pia. Kila likizo alinikalisha nyuma ya jiko akawa anasema polepole nami naandika: nisalimieni kaka Rajabu, nisalimieni mama, mwambieni mguu wake upone. Kisha Ijumaa shemeji zake wakija kula ananiita kwa sauti, "Swaibu, kuja soma barua ya Khamisi!" nami nasoma huku nikikwama kwama makusudi, eti mwandiko wa mtu mzima unanisumbua. Sijui kama alikuwa anawadanganya wao tu. Nikimaliza alikuwa akiichukua ile barua, anaikunja, anaitia kifuani, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepata barua kweli.

Miaka ikapita, nikapata nafasi ya kusomea biashara Ulaya. Sitawaficha, nilikuwa mpweke kupita kiasi. Nilikaa mstari wa nyuma, na wiki nzima iliweza kupita bila mtu kutamka jina langu. Wale wenzetu hawafundishi mkakati wa biashara kwa kanuni za vitabuni peke yake. Profesa anagawa karatasi zenye kisa cha kampuni ya kweli iliyokwama mahali, mwenyewe hajui afungue kiwanda cha pili au asifungue, halafu darasa zima linabishana, ungekuwa wewe ungefanyaje? Profesa hatoi maoni yake hata kidogo. Anauliza, anaandika ubaoni, mwishoni anapigisha kura, anachukua koti lake anakwenda zake. Alikuwa akituambia kisa lazima kiwe cha kweli, cha kubuni hakimfundishi mtu kitu, majina tu ndiyo ya kubadilisha.

Siku moja akataka kila mmoja wetu alete kisa cha kwao. Biashara niliyoijua mimi duniani ilikuwa moja. Hoteli nikaigeuza duka la mikate, Zamzam nikamwita Bibi M., Koboko nikaiita mji mdogo wa mpakani, mengine nikayaacha yalivyo: mlango unaotazama barabara, mwenye duka anayekataa kuhamia mji mkubwa wenye wateja tele kwa sababu mumewe akirudi atautafuta mlango ule ule, na barua zile pia, zote, na mwandishi wake. Jamani, darasa lilichachamaa! Walibishana mpaka kipindi kikaisha, na tulipotoka vijana ambao mwaka mzima hawakuwahi kunisalimu wakanichukua kwenda kunywa kahawa, wakanikalisha katikati, wakanimiminia maswali juu ya Bibi M. Nilirudi chumbani nikiimba. Sikujiuliza furaha ile nimeipata kwa kumtoa nani kafara.

Niliporudi nyumbani Wahindi walikuwa wameshafukuzwa nchini na serikali, maduka yao yamegawiwa watu, wengi wao askari wastaafu na jamaa zao ambao hawajawahi kuuza hata kitunguu. Ofisi moja ya Arua, mji mkubwa wa jirani, ikanituma Koboko siku tano nikawafundishe wenye maduka hao. Mama mdogo alivimba kwa fahari. Aliwaambia wateja wote, mpaka madereva wa Kongo waliokuwa wanapita tu, "Mtoto yangu imerudi, sasa iko fundisha wakubwa." Akajitolea kuleta chai ukumbini kila siku saa nne, na akashona gurbaba mpya, vazi la kike la kujifunga, kwa ajili ya wiki ile.

Siku mbili za kwanza zilikwenda salama. Siku ya tatu nikawaletea kisa cha kiwanda cha viatu vya theluji, na nusu ya ukumbi ikaanza kusinzia. Sajini mmoja mstaafu, mwenye duka la nguo, akanyosha mkono.

"Mwalimu, hii kiwanda ya wazungu sisi hapana jua. Hii mutu ya viatu iko mtoto ya nani? Iko na bibi ngapi? Leta kitu ya hapa hapa."

Wakapiga makofi. Mkoba wangu ulikuwa mezani, na ndani yake kulikuwa na kisa cha Bibi M., nilichokuwa nakibeba kila niendako kama wengine wanavyobeba picha ya mchumba. Ningeweza kusema tupumzike. Ningeweza kusema hata tumbo linaniuma, nani angebisha? Nikaingiza mkono mkobani.

Mnaweza kuniuliza, je, hukumwona Rajabu? Nilimwona. Rajabu, kaka yake Khamisi, shemeji wa mama mdogo, alikuwa amepewa duka la vipuri vya baiskeli na alikaa benchi la tatu, mkabala nami kabisa, tunatazamana. Lakini majina si nilikuwa nimeyabadilisha? Kule Ulaya ilitosha! Nikawaambia hata Ulaya kisa hiki kimejadiliwa, nikaanza kusoma huku natafsiri, na ukumbi ukaamka, waliosinzia wakakaa wima, walio nyuma wakasogea mbele.

"Nani hiyo Bibi M.?" akauliza sajini.

"Majina si muhimu," nikamjibu kwa sauti ya profesa wangu (hata mkono mmoja niliutia mfukoni kama yeye).

"Kama hapana jua mutu, tutasaidia yeye namna gani?"

Wakaanza kukisia. Mmoja akasema ni yule mama wa mikate wa kule Ombaci, mwingine akamkatiza, hapana, ile bwana yake iko, jana nimeona yeye amelewa, na ukumbi ukaangua kicheko nami nikacheka nao. Nikajiona mwalimu kweli kweli. Kule Ulaya hakuna aliyewahi kuuliza Bibi M. ni nani hasa, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani hiyo ni dalili kwamba darasa langu limewashinda wao.

Niseme ukweli hapa, maana hapa ndipo aibu yenyewe ilipo: sikujisahau. Aya ya barua niliiona inakuja, mistari sita chini, nikajiambia nitairuka. Nilipoifikia nikainua macho nikaona watu arobaini wananitazama bila kupepesa, mimi niliyezoea kukaa mahali nisitazamwe na mtu, nikaisoma. Nikaisoma yote, mpaka salamu, mpaka mguu wa mama mkwe.

Kicheko kilikatika. Mimi nikadhani wanafikiri. Nikageukia ubao nikaandika kwa herufi kubwa, MUME ATARUDI AU HATARUDI, na huku nimewapa mgongo nikawaeleza kwamba mkakati wote unategemea swali hilo, akirudi basi mwanamke abaki, asiporudi ahamie Arua mara moja. Nilisema Arua! Sikusema mji mkubwa kama ilivyoandikwa, nilisema Arua, na wala sikujisikia.

"Tupige kura," nikasema. "Anayesema atarudi anyoshe mkono."

Nikageuka. Hakuna mkono hata mmoja, na macho yao hayakuwa kwangu tena, yalikuwa yametazama chini. Nikaandika sifuri. Nikasikia birika linawekwa sakafuni.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani na sijawahi kupata ujasiri wa kuuliza. Sinia la vikombe alilishikilia kiunoni kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ameunyosha juu, umenyooka kabisa, kama mtoto wa shule anayejua jibu.

"Mimi nasema iko narudi," akasema. "Andika moja."

Nikafuta sifuri. Naapa, ndivyo nilivyofanya, nilichukua kitambaa nikafuta sifuri vizuri, nikaandika moja.

Ndipo Rajabu akasimama. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Swaibu. Ile barua ilisema mguu ya mama ipone. Mama yangu alikufa iko nashika ile barua kwa mkono yake. Nani aliandika?"

Nikaitazama chaki. Kichwani hamkuwa na kitu chochote ila profesa, na profesa alikuwa na jibu moja kwa mtu anayetoka nje ya mada.

"Hilo haliko ndani ya kisa," nikasema.

Mama mdogo akamimina chai, akawapa wote, kikombe kwa kikombe, na Rajabu naye akapewa chake akakipokea kwa mikono miwili. Changu akakiweka mezani pembeni ya karatasi zangu, akachukua birika akaondoka.

Kiwanja kilirudi kwa ukoo kabla ya mwezi kwisha. Rajabu hakumtukana, alituma hata watu wa kumsaidia kubeba masufuria, ila hakuja mwenyewe. Mama mdogo akahamia Arua, akapanga chumba nyuma ya soko, akafungua hoteli huko, na sasa sikilizeni jambo la kuudhi: hoteli ikashamiri. Watu wanapanga foleni. Mkakati ulikuwa sahihi! Ofisi iliyonituma ikaniandikia barua ya pongezi kwamba mafunzo yangu yamezaa matunda, mmoja wa wenye maduka niliowafundisha amewasimulia habari za hoteli hiyo. Koboko nikiingia dukani mazungumzo yanakoma, na nikitoka nasikia mtu anasema, "Chunga mdomo, hiyo mutu itakupeleka Ulaya." Na Arua, ambako chumba changu kiko mwendo mfupi tu kutoka kwa mtu pekee aliyenilea, nilikuwa nakula mkate mkavu kitandani kwa sababu sikujua niingie kwake kwa mlango gani.

Ilikaribia mwaka ndipo nikaenda. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, hoteli imejaa, nikapata nafasi pembeni ukutani. Akaja na sahani ya maharage kabla sijaagiza.

"Karibu, mwalimu," akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo. Hata nilipoota ndevu, hata nilipovaa suti, nilikuwa "mtoto yangu" na basi. Nikamshika mkono nikamwambia, mama mdogo, nisamehe.

"Nimesamehe zamani," akasema. "Hoteli hapana shida. Hoteli ni sufuria na moto tu, naona iko hapa." Akaifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Kitu moja tu nataka kuuliza wewe. Ile siku watu yote walikataa, mimi nikanyosha mkono peke yangu. Na wewe uliandika barua yote ya Khamisi. Unajua yeye kupita ile watu yote. Mkono yako ilikuwa wapi?"

Nilitaka kumweleza kwamba kwa mtindo ule wa kufundisha mwalimu hapigi kura, mwalimu hana upande. Lakini mkono wangu ulipokuwa nilipajua vizuri, ulikuwa ubaoni unaandika sifuri. Wateja wakamwita, akaenda.

Kisa cha Bibi M. nilikichana nilipofika chumbani, na nimeapa sitasimama tena mbele ya watu nikiwa na maisha ya mtu mwingine mkononi, hata wakinilipia nauli ya kurudi Ulaya. Ijumaa zote naenda kula kwake. Nakaa pale pale ukutani, peke yangu, na kila akija na sahani nasikiliza kwa makini ataniita nani. Mpaka sasa ananiita mwalimu.