Siku Niliyoomba Ukarani kwa Miwani ya Kuazima

Aibu hii nimeikalia kimya miaka mingi, lakini leo tuko wenyewe kwa wenyewe, acheni niitoe. Waingereza walikuwa bado wanatawala, na mimi nilikuwa kijana wa Kirua Vunjo mwenye mke na kihamba cha kahawa na migomba nilichoachiwa na baba, ila nilijiona kabisa si mtu wa jembe, nilijiona karani, maana mwandiko wangu ulikuwa mzuri na nilikuwa naongea taratibu kama wakubwa. Basi niliposikia ghala moja la kahawa Moshi mjini linatafuta karani, nikamwomba mjomba wangu, katekista, aniazime miwani yake nionekane msomi (macho yangu yalikuwa mazima kabisa).

Mke wangu aliniangalia nikiivaa, akasema, "Baba Aloisi, kazi watakupa wewe au miwani?"

Nikaibana puani, nikashuka mjini.

Miwani ile ilikuwa kali, dunia yote ikawa ukungu, lakini nilishaingia nayo ghalani na kuivua mbele ya watu niliona ni kujishusha, kwa hiyo nikanyoosha shingo nikaamkia, "Shikamoo, mzee," watu wakaanza kucheka, kumbe nimeamkia koti lililotundikwa msumarini. Msimamizi, Mzee Hamisi, mtu wa mjini asiye na maneno mengi, akanipa karatasi.

"Soma."

Sikuona hata herufi moja. Badala ya kukiri, nikatunga: "Bwana mpendwa, tumepokea salamu zako..."

Akaniacha nimalize. "Hiyo ni orodha ya magunia, mwanangu."

Nikarudi nyuma kwa aibu, nikajikwaa, nikaketi katikati ya lundo la kahawa na miwani ikaruka (nashukuru haikuvunjika). Na hapo, kwa mazoea tu, nikaokota punje nikaiuma.

"Mzee," nikasema, "kahawa hii haijakauka. Mkiifunga itavunda."

Mzee Hamisi akaokota punje nyingine. Akaiuma mwenyewe, akatafuna kidogo, akauliza nimejulia wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ni mkulima, nimeanika kahawa tangu utoto.

"Sasa mbona ulikuja umejificha?"

Ukarani hakunipa. Alinipa kazi ya kukagua kahawa inayoletwa na wakulima, na kazi hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba yangu kwa mabati na kusomesha wanangu. Jioni ile nilipanda mlima kurudi nyumbani nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo, nikicheka peke yangu njiani, nikaapa sitajipeleka tena popote nikiwa mtu mwingine. Inachosha, na huyo mtu mwingine hata kazi haijui.