Mume Wangu Alibadilisha Tairi, Mimi Nikaitwa Mpenda Mbio

Admin, tafadhali nifichie jina. Mume wangu yumo humu humu, ni mmoja wa wale wanaowaandikia wake za watu "pole sana dada, Mungu akufanyie wepesi." Akiisoma hii atajijua.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, mshonaji wa madera hapa Ukunda. Kwetu ni Kinondo. Mume wangu ana gari dogo analobebea wageni wa mahoteli, na mimi pia naliendesha, maana udereva nilijifunza kabla hajanioa. Lilikuwa gari zuri lisilo na makuu. Kisha akaanza kuyaonea wivu magari ya safari yaliyoinuka, akasema letu limekaa kama sahani. Akaenda kwa rafiki yake fundi, akarudi na tairi pana na ndefu. Kwenye mlango wa dereva kuna kibandiko kinachosema gari hilo livae tairi za namba gani. Nikamsomea. Akacheka. "Wewe nawe! Gari limesimama, watu wanageuza shingo, wewe wasoma vibandiko."

Tangu siku ile nilisikia mkwaruzo kila nikikata kona nikiwa na abiria nyuma. Tairi ilikuwa ikisugua ndani ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu. Nilimwambia, si mara moja. Akaniambia zitazoea. Tairi zitazoea, jamani, kama viatu vipya!

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa aolewe. Nikampeleka Msambweni kwa mama mmoja anayesifika kwa kupaka hina, pamoja na mashangazi zetu wawili. Tulirudi tukiimba, mikono yake kaiweka juu asije akaiharibu. Njiani akaniuliza, "Dada, nini hicho chakwaruza?" Nikamjibu, "Ni tairi za shemejiyo, hizo za kugeuza shingo." Tukacheka. Nilipokata kuingia njia ya vumbi ya Kinondo, tairi ya mbele ikapasuka, gari likanivuta mtaroni. Mashangazi walitoka na michubuko. Mimi nilipasuka paji la uso. Mdogo wangu alivunjika mguu, vibaya, hina haijakauka.

Harusi ikasogezwa mbele. Ikasogezwa tena. Kisha watu wa upande wa bwana harusi wakawa hawashiki simu, na sasa tunasikia kijana ameposa kwengine. Mdogo wangu anatembea na gongo ndani ya nyumba ya mama, wala nje hataki kutoka.

Niliporuhusiwa hospitalini nilikuta gari uani, limerudi kutoka kwa yule rafiki yake fundi. Lilikuwa na tairi zake za zamani, zile alizokuwa amezitupa chini ya tangi la maji. Nikamuuliza, "Zile kubwa ziko wapi?"

"Iliharibika, nikaitoa."

"Ilipasuka moja. Umetoa zote nne?"

Akaingia ndani kuoga. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

Mama akatuita. Mjomba alikuwapo, mashangazi walikuwapo, mdogo wangu kakalishwa kitini na mguu wake mbele yetu sote. Nikawaeleza habari za tairi. Mume wangu akashusha pumzi ya mtu mwenye subira, akasema, "Mama, msameheni. Mke wangu apenda mbio, nimemkanya sana, lakini ni binadamu." Mjomba akatoka nje kulitazama gari, akarudi akitikisa kichwa. "Mbona tairi ni zile zile za siku zote?" Mashangazi wakasema wao huingia garini na kukaa, tairi hawaziangalii. Nilipofungua mdomo tena, mama akainua mkono. "Nyamaza! Mumeo akutetea, nawe wamsingizia. Haya huna?"

Nikamgeukia mdogo wangu. Nikamwambia, wewe uliusikia ule mkwaruzo, uliniuliza mwenyewe. Akanijibu, "Dada, mimi habari za tairi sizijui. Najua wewe ndiye uliyeshika usukani."

Sikuwa na mbio, wallahi. Nilikuwa naitazama saa ya mwendo. Lakini fundi mwengine ameniambia kwamba tairi ikiwa ndefu kuliko inayotakiwa, saa husoma chini ya mwendo wenyewe. Kwa hiyo hata kiapo changu mume wangu amekitia doa. Sijui tena nilikuwa naendaje, na hilo linaniuma kuliko kovu la usoni.

Alama ya msuguano bado imo ndani ya madigadi, nimeipapasa kwa mkono wangu. Naweza kumwita mjomba aipapase naye. Lakini siku hiyo nitakuwa nimemwita mume wangu mwongo mbele ya wakwe zake, na namjua, hatanibakisha nyumbani mwake. Nikinyamaza, mama hanipi mkono. Salamu yangu anaijibu huku ametazama ukuta.

Sasa mume wangu ndiye aliyepanga nikaombe radhi. Ijumaa baada ya swala, mbele ya wazee, nipige magoti kwa mama na kwa mdogo wangu nikubali kosa. Ati yeye atanishika mkono. Mama amesema nikikubali atanisamehe, na ninazitaka radhi zake, ninazitaka kuliko kitu chochote.

Ndugu zangu mnaosoma, niambieni mngekuwa mimi mngefanyaje. Niombe radhi kwa kosa la mtu aliyenishika mkono, au nivunje nyumba yangu kwa alama iliyo ndani ya madigadi? Msinijibu kwamba nimwachie Mungu, hilo nimeshalifanya. Ijumaa imekaribia. Tutakwenda kwa gari lile lile, na ameshasema ataendesha yeye, kwa sababu mimi siaminiki.