Kikombe cha Kocha Baada ya Mlima

Mimi ni mtu wa kushuku. Nyama nikiuziwa nainusa mbele ya mwenye bucha, na mtu akinisifu asubuhi nakaa nikingoja ombi lake jioni. Kwa hivyo kocha wetu alipoanza kutuletea juisi yake nyekundu, sikuifurahia hata kidogo.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mkimbiaji wa timu ya kiwanda cha nguo mjini Thika. Asubuhi tulikimbia, kisha tukaingia kwenye mashine za kusokota uzi. Kila mwaka kocha alichagua wanawake wawili wa kupelekwa kambini kwenye nyanda za juu, miezi kadhaa ya kula, kulala na kukimbia tu, na waliotoka huko ndio walioitwa kwenye mbio kubwa. Wengine walibaki kwenye uzi. Nilikuwa nimeachwa mara mbili. Sasa nilikuwa na mtoto wa nasari, magoti yalikuwa bado yananitii, na nilijua nikiachwa tena basi imeisha. Nafasi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka mume.

Siku ya mlima ndiyo iliyokuwa mbaya. Tulipanda na kushuka huko Ngoingwa, kati ya kahawa, hadi kifua kikawaka na mate yakawa na ladha ya chuma. Tukimaliza, kocha alifungua jerikeni nyuma ya pikapu yake. Alisema ni matunda damu na zambarau, mke wake ameyachemsha na kuyakamua mpaka yakabaki mazito. Mwili ukifanyishwa kazi ngumu, alitueleza, unajitengenezea uchafu fulani unaochoma misuli kwa ndani, na ile rangi ya matunda ndiyo inayouzima. Maneno mazuri. Lakini redioni tulikuwa tunasikia wanariadha wa nje wakipigwa marufuku kwa sababu ya vitu walivyopewa na makocha wao, na kila mmoja alisema hakujua.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kwamba juisi haikuwa ya wote. Tulipewa sisi wakongwe. Msichana mmoja mgeni, mzaliwa wa palepale Ngoingwa, hakupewa hata tone. Alirudi kazini akichechemea, akishika ukuta wa choo kabla ya kuchuchumaa. Mimi niliyekunywa niliamka kesho yake nikiwa mwepesi, na wepesi huo ndio ulioniogopesha. Dawa gani inaondoa uchungu wa mlima kwa usiku mmoja? Niliinusa. Nikadondosha kidogo kwenye kitambaa cheupe cha kiwandani nione doa lake. Nikawauliza wenzangu kama mkojo wao umebadilika rangi, wakaniambia niwaondokee.

Tena kocha mwenyewe hakuwahi kuinywa mbele yetu. Kwetu anayekuletea kinywaji hukionja kwanza, hata kama ni uji, ndipo anakupa. Mama yangu hangepokea kikombe kwa mtu asiyefanya hivyo. Kocha alilelewa kama mimi na alijua hayo vizuri.

Wiki ya mashindano ya viwanda, yaliyokuwa yafanyike Jumamosi huko Ruiru, aliponinyooshea kikombe sikukipokea.

"Onja kwanza, kocha."

Kumwambia mtu mzima hivyo, mbele ya watu, ni kumwita muuaji. Alinitazama, akakinywa chote, akapangusa mdomo na kunijazia kingine. Hakukasirika, na hilo pia sikulipenda.

"Sasa umeridhika?"

"Bado. Huyu msichana mbona humpei?"

Alinijibu kama anayemweleza mtu jambo ambalo alidhani analijua zamani.

"Huyo wacha asikie uchungu. Mguu ukiuma ndio unajua umepewa kazi, unajijenga. Ukizima huo moto kila saa, hakuna kitu utajifunza. Huyo namjenga aende kambi. Wewe nakutaka Jumamosi, mguu ukiwa mwepesi."

Alisema kwa upole kabisa. Wiki zote zile nilikuwa natafuta sumu, na kumbe yalikuwa matunda tu. Mpaka leo sijui kama alikuwa sahihi kuhusu misuli; nasikia wataalamu bado wanabishana. Kuhusu mimi hakuacha swali. Kila alipotia juisi kwenye kikombe changu alikuwa ananitayarisha kwa Jumamosi, na baada yake Jumamosi nyingine, na hakuna hata moja iliyoelekea kambini. Iliniuma vibaya sana. Ningepata afueni kama ingekuwa sumu, maana ningekuwa na wa kumshtaki.

Nilikiweka kikombe kwenye bodi ya pikapu, nikakaza kamba za viatu na kuanza kupanda mlima upya. Kocha aliniita, akapaza sauti kwamba naharibu miguu ya Jumamosi. Nilimsikia vizuri. Nilipanda, nikashuka, nikapanda tena mpaka wenzangu wakaondoka na pikapu ikaondoka.

Huko Ruiru nilimaliza wa mwisho. Kocha alikuwa ameshika saa yake bila kuitazama, mapaja yangu yalikuwa yanawaka, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilikuwa naumia kwa faida yangu mwenyewe.